Nyusi, kadi na kizuizi: mwanamke transjenda katika barabara za Masisi na Walikale

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu habari za ardhi, mifugo, machimbo na kurudi kwa waliohamishwa na vita. Safari hii tunazungumzia nyusi. Huenda ukajiuliza nyusi zinahusiana vipi na ujenzi wa amani katika Kivu Kaskazini. Jibu fupi ni hili: katika teritware za Masisi na Walikale, watu wamekuwa wakihukumiwa kwa nyuso zao kwa zaidi ya miaka thelathini, na mwanamke transjenda anapotinda nyusi zake anabadili kitu kile kile ambacho mwenye silaha kizuizini hukitazama kwanza.

Makala hii inalenga wawezeshaji wa mazungumzo, wahudumu wa afya, walimu wa ufundi na viongozi wa dini wanaofanya kazi na jamii hizo. Inaeleza mambo matatu: mtu transjenda ni nani, kwa nini nyusi zina uzito mkubwa katika safari yake, na sisi tunaofanya kazi ya amani tunaweza kufanya nini ili safari hiyo isimgharimu uhai.

Tunamzungumzia nani?

Mtoto akizaliwa, mkunga humtazama na kusema ni mvulana au ni msichana. Kwa watu wengi neno hilo la mkunga linalingana na wanavyojijua wenyewe maisha yao yote. Kwa wachache halilingani. Mwanamke transjenda ni mtu ambaye alipozaliwa alisemwa kuwa ni mvulana, lakini anajijua na anaishi, au angependa kuishi, kama mwanamke. Safari ya kutoka maisha ya awali kwenda maisha hayo tutaiita mpito.

Ni vizuri kuondoa dhana mbili potofu. Ya kwanza ni kwamba huu ni ugonjwa wa akili. Shirika la Afya Duniani liliondoa hali hii katika orodha ya magonjwa ya akili lilipopitisha toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa mwaka 2019, na toleo hilo lilianza kutumika Januari 2022. Dhana ya pili ni kwamba kuwa transjenda ni sawa na kuwa shoga. Jambo moja linahusu mtu anajijua kuwa nani, jingine linahusu anampenda nani. Yanaweza kukutana ndani ya mtu mmoja, na yanaweza yasikutane.

Kisheria, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haina sheria inayosema kwamba kuwa transjenda ni kosa, wala haina sheria inayokataza waziwazi mapenzi ya jinsia moja. Muswada uliowasilishwa bungeni Kinshasa mwishoni mwa mwaka 2013, ambao ungeadhibu mashoga na watu transjenda kwa kifungo, haukupitishwa. Lakini kukosekana kwa sheria ya kuadhibu hakumaanishi kwamba kuna ulinzi. Kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu kukosea maadili hadharani, kimekuwa kikitumiwa kuwakamata watu kwa sababu ya mwenendo au mavazi yao. Mahali ambapo mahakama iko mbali na bunduki iko karibu, tofauti kati ya jambo lisilokatazwa na jambo linaloadhibiwa huwa ndogo sana.

Aidha, tusidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Mjini Bukavu, katika mkoa jirani wa Kivu Kusini, shirika la Rainbow Sunrise Mapambazuko lilikuwa limeshafanya kazi ya kutetea watu hawa kwa miaka mingi kabla ya vita kuingia mjini humo Februari 2025. Katika vijiji vya Masisi na Walikale watu hawa hawajitangazi. Huishi kimya, huhamia Goma au hukimbilia ng'ambo ya mpaka.

Kwa nini nyusi?

Tunapomwona mtu kwa mara ya kwanza, jicho letu huamua kama ni mwanamume au mwanamke kabla hatujafikiri. Sehemu kubwa ya uamuzi huo hutoka katika eneo la macho. Wanaume wengi wana tuta la mfupa juu ya macho, na nyusi zao huwa nene, zimenyooka na kukaa juu ya ukingo wa mfupa huo au chini yake kidogo. Kwa wanawake wengi mfupa huo ni laini zaidi, na nyusi hukaa juu kidogo ya ukingo zikiwa na tao. Katika miaka ya 1980, daktari mpasuaji Douglas Ousterhout wa San Francisco, Marekani, alichunguza mafuvu ili kuelewa tofauti hizi, na kazi yake ndiyo iliyoanzisha upasuaji wa kuufanya uso uonekane wa kike. Alianzia kwenye paji la uso.

Upasuaji huo hugharimu maelfu ya dola na haupatikani karibu na Masisi. Dawa za homoni nazo hazifiki kwa njia ya kawaida, na hata zikipatikana haziwezi kuondoa tuta la mfupa lililokwisha kuota wakati wa balehe. Hulainisha ngozi na kupunguza kidogo nywele za mwili, lakini umbo la nyusi hubaki karibu vile vile.

Hapa linahitajika onyo. Palipo na uhaba wa huduma, wapo wanaomeza vidonge vya uzazi wa mpango kwa wingi wakitafuta homoni za kike. Homoni iliyomo katika vidonge vingi vya aina hiyo huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu na mapafu, hasa kwa mtu anayevuta sigara au anayemeza dozi kubwa. Mhudumu wa afya akiona mtu wa aina hii ana mguu mmoja uliovimba na unaouma, au amebanwa na kifua ghafla, asipoteze muda katika maswali ya aibu. Ni hali ya dharura.

Nyusi hazina hatari hiyo. Kibano ni bei ndogo sokoni, na wembe ni rahisi zaidi. Nywele chache zikiondolewa chini ya tao, uso wote hubadilika: jicho huonekana kufunguka, na tuta la mfupa huonekana limepungua kwa sababu mstari wa nyusi umepanda. Tena, jambo hili linaweza kurudishwa nyuma. Mwenye nyusi akiona hatari, huziacha ziote. Ndiyo maana kwa watu wengi transjenda, duniani kote, nyusi ni miongoni mwa hatua za kwanza kabisa. Haihitaji daktari, kibali wala fedha nyingi, na mtu anaweza kuifanya nusu nusu bila kulitangaza jambo kwa jirani.

Lakini uzito wake hauko katika sura tu. Mtu aliyeishi miaka mingi akikwepa kioo, anapojitazama na kuona kwa mara ya kwanza uso unaofanana na anavyojijua, hupata utulivu ambao ni vigumu kuueleza kwa asiyeuhitaji. Sisi tunaofanya kazi na watu walioumizwa na vita tunajua thamani ya utulivu wa namna hiyo. Tumeona mama aliyepoteza kila kitu akiomba kusukwa nywele kabla hajaomba kitu kingine.

Namna ya kuifanya bila madhara

Kutinda nyusi ni kazi ya zamani katika nchi zetu, na zana zake zinajulikana: kibano, uzi, wembe, nta, na wanja wa kujazia. Kila kimoja kina faida na hatari yake.

Kibano hung'oa nywele moja moja na hivyo humpa mtu nafasi ya kusimama kila mara na kujitazama. Ni njia bora kwa anayeanza. Uzi, ambao ni ufundi uliotoka Asia na kuzoeleka katika saluni nyingi za Afrika Mashariki, hung'oa mstari mzima kwa haraka na hauchubui ngozi sana, lakini unataka mkono wa fundi. Nta au sukari iliyochemshwa na ndimu ikiwa ya moto kupita kiasi huunguza, na ngozi ya karibu na jicho ni nyembamba. Wembe haung'oi, hukata tu, kwa hiyo nywele huonekana tena baada ya siku chache.

Hatari kubwa ya wembe ni damu. Wembe mmoja ukipita kwa watu watatu unaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo huambukiza kwa urahisi zaidi kuliko VVU na huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Kanuni ni wembe mpya kwa kila mtu, kisha unatupwa. Kibano huoshwa kwa sabuni, huchemshwa kwa dakika ishirini au hulowekwa katika spiriti kabla ya kumgusa mtu mwingine. Kanuni hii inamhusu kila mteja wa saluni, na mafunzo ya afya kwa wasusi yanaweza kuanzia hapo bila kumtaja mtu yeyote.

Kuhusu umbo, wenye uzoefu husema mambo matatu. Ondoa nywele za chini ya tao na zile za katikati ya nyusi mbili, na uache za juu. Usizifanye nyembamba kama uzi, kwa sababu nyusi zilizotindwa sana ndizo zinazovuta macho ya watu. Na uwe na subira, kwa kuwa nywele iliyong'olewa huchukua wiki kadhaa hadi miezi michache kurudi, na ikinyofolewa tena na tena kwa miaka huenda isirudi kabisa. Anayesafiri mara kwa mara katika barabara zenye vizuizi huchagua umbo la katikati, ambalo likitazamwa nyumbani ni la kike na likitazamwa njiani halisemi chochote.

Jicho la kizuizini

Sasa tufike barabarani. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS ya Ubelgiji ilitoa uchunguzi wa vizuizi vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Iliorodhesha vizuizi 798. Vingine vilikuwa vya askari wa serikali, vingine vya makundi ya silaha, vingine vya watoza ushuru. Tangu hapo wenye kushika barabara wamebadilika mara nyingi. Rubaya iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Aprili 2024, Masisi-kati Januari 2025, na Walikale-kati Machi 2025 kabla ya kundi hilo kuondoka mapema mwezi uliofuata. Kila mabadiliko ya namna hii huleta kizuizi kipya chenye mtu mpya asiyemjua mpita njia.

Kizuizini msafiri huulizwa kadi. Kwa miaka mingi Wakongo wengi wametumia kadi ya mpiga kura kama kitambulisho chao, na kadi hiyo ina picha na herufi inayoonyesha jinsia. Mwenye silaha hutazama kadi, kisha uso, kisha kadi tena. Vikilingana, msafiri hulipa na kupita. Visipolingana, maswali huanza: Kadi hii ni ya nani? Umeiiba? Wewe ni mpelelezi? Kwa nini umejificha?

Jina huenda likasaidia kidogo. Desturi ya majina ya Kongo imetupa majina mengi yanayochukuliwa na wanaume na wanawake, kama Bahati na Amani. Herufi ya jinsia haina huruma hiyo. Nchini Kenya jambo kama hili lilifika mahakamani: Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani la Taifa libadilishe jina la Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, katika cheti chake cha mtihani wa sekondari na kuondoa alama ya jinsia. Alikuwa hapati kazi kwa sababu cheti kilisema mtu mmoja na uso ulisema mwingine. Kwa Mbugua, tofauti hiyo ilimnyima kazi. Katika barabara ya Sake kwenda Masisi, inaweza kumnyima mtu maisha.

Wazee wa Masisi wanalijua jicho hili la kizuizini kuliko mtu yeyote. Machi 1993, mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi. Wahunde, Wanyanga na Watembo kwa upande mmoja, na Wahutu na Watutsi waliohesabiwa kuwa Banyarwanda kwa upande mwingine, walijikuta katika vita vya ardhi na uraia. Maelfu waliuawa na mamia ya maelfu wakahama. Tangu hapo, katika kila wimbi la vita, watu wamesimamishwa njiani na kupimwa kwa umbo la pua, urefu wa mwili na namna wanavyotamka neno. Wapo waliouawa ingawa hawakuwa wa kabila walilodhaniwa. Uso wao uliamuliwa na mtu mwingine.

Hapo ndipo habari ya nyusi inapoungana na kazi yetu. Jicho linalotafuta kabila katika pua ya msafiri ndilo hilo hilo linalotafuta jinsia katika nyusi zake, na lina desturi ile ile ya kumwona mtu asiyeeleweka upesi kuwa ni adui. Katika mazungumzo ya vijiji tumetumia miaka mingi kufundisha kwamba mtu asihukumiwe kwa sura yake. Mafundisho hayo hayana mpaka unaoishia kwenye kabila. Tukimwachia mwenye silaha haki ya kuamua kwa sura nani ni mwanamke wa kweli, tumemwachia pia desturi ya kuamua nani ni Mkongo wa kweli.

Nchi nyingine zimejifunza nini?

Nchini Peru, usiku wa tarehe 31 Mei 1989, wapiganaji wa kundi la MRTA waliingia katika baa moja mjini Tarapoto wakawaua watu wanane, mashoga na watu transjenda, wakidai wanasafisha mji. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Peru iliandika tukio hilo katika ripoti yake ya mwaka 2003, na hadi leo tarehe hiyo hukumbukwa nchini humo.

Nchini Kolombia, makundi ya silaha yaliyoshika vijiji vya pwani ya Karibi yaliwaandama hasa wenye saluni, kwa sababu saluni ndipo mahali ambapo wanaume wenye mwenendo wa kike na wanawake transjenda walipata riziki na heshima. Mkataba wa amani wa mwaka 2016 kati ya serikali na FARC uliwataja watu hawa kwa uwazi miongoni mwa waliodhurika. Septemba 2023, mahakama maalumu iliyoundwa na mkataba huo ilifungua kesi kuu ya 11, inayohusu ukatili wa kijinsia, ikiwemo ule uliofanywa kwa chuki dhidi ya watu wa namna hii.

Tunajifunza nini? Kwamba kundi linaloanza kutawala eneo mara nyingi hutafuta mtu dhaifu wa kumwadhibu hadharani ili wengine waogope na wengine wafurahi. Pale ambapo jamii ilisema mapema kwamba mtu huyu naye ni wetu, kundi lilikosa kisingizio. Pale ambapo majirani walinyamaza, wengine walifuata baada yake.

Sheria tuliyo nayo tayari

Wapo wanaodhani kwamba hakuna la kufanya hadi Kinshasa itunge sheria mpya. Si kweli. Sheria ya 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono ilibadili maana ya ubakaji nchini Kongo. Kabla ya hapo mhanga kisheria alikuwa mwanamke tu. Sasa sheria inamlinda mhanga wa jinsia yoyote. Kwa hiyo mwanamke transjenda aliyebakwa ana haki ya kushtaki na kutibiwa bila kwanza kutatua swali la herufi iliyo katika kadi yake.

Walikale inajua kwa nini mabadiliko hayo yalihitajika. Kati ya Julai 30 na Agosti 2, 2010, wapiganaji walivamia vijiji 13 katika barabara ya Kibua hadi Mpofi, Luvungi ikiwa mojawapo. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu 387 waliobakwa: wanawake 300, wasichana 55, wanaume 23 na wavulana 9. Novemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Goma ilimhukumu kifungo cha maisha Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa kundi mojawapo lililohusika. Wanaume na wavulana wale 32 walikuwa na sababu nyingi za kunyamaza. Mtu transjenda ana sababu zote hizo na moja zaidi: akisimulia alivyodhuriwa, atalazimika kusimulia yeye ni nani.

Wawezeshaji wafanye nini?

Mapendekezo yafuatayo hayahitaji bajeti mpya.

1. Usimtangaze mtu. Ukijua au ukihisi kwamba mshiriki ni transjenda, habari hiyo si yako. Usiiandike katika ripoti, usiitaje katika mkutano, usimpige picha. Orodha ya washiriki inaweza kuanguka mikononi mwa yeyote barabara ikibadili mwenyewe.

2. Muulize kila mtu aitwe nani. Mwanzoni mwa warsha waombe washiriki wote waseme jina wanalopenda kuitwa, kisha litumie. Kwa kuwa swali ni la wote, halimfichui mmoja.

3. Kwa wahudumu wa afya, hesabu saa. Dawa za kuzuia VVU baada ya ubakaji hufaa zikianza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Mtu anayeogopa kuchekwa mapokezini atachelewa. Panga mahali pa faragha ambapo mgonjwa hatajwi jina kwa sauti.

4. Katika mafunzo ya ufundi, mwache mtu achague. Mara nyingi ususi na ushonaji hupewa wasichana, na useremala na ujenzi wavulana. Kijana aliyetoka katika kundi la silaha akiomba ususi, usimrudishe kwenye useremala kwa sababu ya kadi yake. Kijana wa kiume asiye transjenda naye anaweza kupenda ususi, kwa hiyo kanuni hii haimnyooshei mtu kidole.

5. Ichukulie saluni kama mahali pa amani. Katika miji midogo kama Kitchanga, Mweso au Walikale-kati, saluni ni mojawapo ya sehemu chache ambapo wanawake wa makabila tofauti hukaa pamoja kwa saa nzima, kichwa cha mmoja kikiwa mikononi mwa mwingine. Msusi aliyefunzwa usafi wa zana, kutunza siri na kumwelekeza mteja kituo cha afya ni mjumbe wa amani hata asipoitwa hivyo.

6. Zungumza na wenye vizuizi kwa lugha ya utu wa wote. Katika mazungumzo na makamanda, wazo la kutomdhalilisha msafiri kwa sura, mavazi, lugha au kabila linaweza kusemwa bila kumtaja mtu transjenda hata mara moja. Atalindwa na kanuni hiyo pamoja na mwanafunzi, mfanyabiashara na mama mwenye mzigo wa muhogo.

7. Kwa viongozi wa dini, tenganisha mafundisho na mateso. Hatuombi mchungaji au shehe abadili anayoyaamini. Tunaomba aseme waziwazi mbele ya waumini kwamba hakuna anayeruhusiwa kumpiga, kumvua nguo au kumfukuza mtu kijijini. Sauti hiyo ikitoka madhabahuni husikika mbali kuliko ya shirika lolote.

Swali ambalo husikika mara nyingi

Katika mikutano, mtu huweza kuuliza: watu wetu wanakosa chakula na amani, je, ni wakati wa kuzungumzia nyusi za mtu mmoja? Swali ni la haki na linastahili jibu la heshima.

Februari 2025 watu waliokuwa katika kambi za pembezoni mwa Goma walitakiwa kuondoka, na wengi walichukua njia ya kurudi Masisi. Walikuta nyumba zimeharibika na mashamba yamelimwa na wengine. Kila aliyerudi alilazimika kupita mbele ya mtu mwenye silaha na kutazamwa usoni. Miongoni mwao, kama katika umati wowote mkubwa, walikuwamo watu wa aina tunayoizungumzia. Nao pia walikuwa na njaa na mashamba yaliyochukuliwa. Hawaombi wapewe kabla ya wengine, wanaomba wasiondolewe katika foleni.

Na pengine siku moja katika mkutano wako atakaa nyuma kabisa mtu mwenye nyusi zilizotindwa kwa uangalifu, asiyesema neno. Usimuulize kitu. Hakikisha tu kwamba maji ya kunywa yamemfikia, kwamba jina alilojitaja ndilo lililoandikwa, na kwamba mkutano unamalizika mapema ili kila mtu afike kwake kabla ya giza.